Shimo Likiisha Dhahabu, Maji ni ya Nani?

Nkome inaishi kwa dagaa na sangara. Kata hii ya Wilaya ya Geita imekaa ufukweni mwa Ziwa Victoria, na baadhi ya wageni wanaoonekana hapa ni watalii wanaosubiri boti ya kuwavusha kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo. Dhahabu iko bara: vilima vya Geita mjini, Mgusu, Nyarugusu, Rwamgasa, kisha Kakola na Kahama ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Lakini mgodi mkubwa wa Geita, GGM, huvuta maji yake kutoka ziwani, kwenye Ghuba ya Nungwe, na vijito vinavyoshuka kutoka vilima vile hurudisha maji upande huohuo wa ziwa. Mvuvi wa Nkome ambaye hajawahi kushika leseni ya madini maishani mwake anahusika moja kwa moja na karatasi zinazosainiwa Mwanza na Dodoma. Anahusika leo wakati mgodi unavuta maji, na atahusika zaidi siku mgodi utakapozima pampu zake na kuondoka.

Siku hiyo ndiyo inayonishughulisha. Tanzania ina sheria za kutosha kuhusu maji ya mgodi, na ina sheria za kutosha kuhusu kurejesha ardhi baada ya uchimbaji. Sheria hizo ziliandikwa na wizara tofauti, zinasimamiwa na ofisi tofauti, na mwenye mgodi huzijibu kwenye mafaili tofauti. Ardhini mambo hayo mawili hayatengani. Shimo la mgodi likiachwa, jambo la kwanza linaloingia ni maji, na kuanzia hapo suala la ardhi limeshakuwa suala la maji.

Tuanze na maji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Namba 11 ya mwaka 2009, inatamka kwamba maji yote ya Tanzania Bara ni ya umma na yamewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini wa wananchi. Mwenye shamba hamiliki maji yanayopita shambani kwake, na mwenye leseni ya madini hamiliki maji anayokutana nayo mwambani. Anachoweza kupata ni kibali cha kuyatumia. Kuchota maji ya kunywa, kupikia na kuoga hakuhitaji kibali. Kuzidi hapo, iwe kuchepusha mto, kujenga bwawa, kuvuta maji ya ziwa au kuchimba kisima kwa ajili ya kazi ya biashara, lazima uende Bodi ya Maji ya Bonde. Nchi ina mabonde tisa. La Ziwa Victoria ofisi yake iko Mwanza, na maombi ya Nkome, Geita na sehemu kubwa ya ukanda huu hupelekwa huko. Mwadui, upande wa Kishapu, maji yake hayaji ziwani kabisa. Yanaelekea kusini kwenye Bonde la Kati, linalosimamiwa kutoka Singida. Mtu aliyesoma ramani ya mikoa peke yake hawezi kujua hilo, na vijiji vingi hupoteza muda kulalamika kwenye ofisi isiyohusika.

Mwombaji anaeleza chanzo cha maji, kiasi anachotaka na kazi itakayofanywa. Ombi linatangazwa ili anayeona ataathirika apinge. Kibali kikitoka kinataja kiasi, kinabeba masharti, na mwenye nacho analipa ada kila mwaka. Ukame ukizidi, Bodi inaweza kupunguza kiasi hicho, kwa sababu sheria imeweka mahitaji ya binadamu mbele, kisha uhai wa chanzo chenyewe, ndipo zije shughuli za kiuchumi. Kumwaga maji yaliyotumika ni kibali kingine, chenye viwango vyake vya ubora.

Kuna maji ya aina nyingine ambayo watu husahau. Mgodi unaochimba chini ya usawa wa maji ya ardhini hauwezi kufanya kazi bila kuyaondoa, kwa hiyo pampu hufanya kazi usiku na mchana. Maji hayo nayo ni ya umma. Na pampu zikivuta kwa miaka mingi, usawa wa maji hushuka pande zote za shimo, hata visima vya mkono vya majirani vikaanza kutoa tope ifikapo Septemba. Mwanakijiji ataambiwa ni tabianchi. Inaweza kuwa kweli, lakini hakuna namna ya kujua kama hakukuwa na mtu aliyepima kina cha kisima chake kabla pampu hazijawashwa. Kipimo cha kabla ya mgodi ndicho ushahidi wa pekee alionao mkulima, na mara nyingi nakala anayo mwenye mgodi peke yake.

Upande wa ardhi, mzigo umegawanywa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004, inadai tathmini ya athari kwa mazingira na cheti kabla mradi haujaanza, na baraza la taifa la mazingira, NEMC, ndilo linalosimamia kazi hiyo. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 pamoja na kanuni zake zinadai mpango wa ufungaji mgodi, unaopitiwa na kamati ya kitaifa, na zinadai dhamana ya ukarabati wa mazingira, ambayo ofisini wengi huiita hati fungani. Maana ya dhamana hiyo ni rahisi: mwenye mgodi aweke fedha, au benki imwekee, wakati bado anazalisha, ili akifilisika au akitoroka serikali iwe na cha kufukia mashimo. Ni fundisho lililopatikana kwa gharama duniani kote. Mgodi unapofika mwisho hauna tena mapato, na kazi ya kuurejesha ndiyo kwanza inaanza.

Geita imeshapitia hali ya kutokuwa na sheria hizo. Mgodi wa kwanza ulichimbwa tangu miaka ya 1930, ukawa mkubwa kuliko yote ya dhahabu Afrika Mashariki, na ulifungwa mwaka 1966. Hakukuwa na mpango wa ufungaji wala dhamana kwa maana ya leo. Uchimbaji mkubwa uliporejea mwaka 2000, ulirejea kwenye ardhi iliyokwisha kuchimbwa na kuachwa. Leseni ya sasa ya GGM, mali ya AngloGold Ashanti, ilitolewa juu ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 196, ambamo ndani yake na pembezoni mwake kuna watu, mashamba na mji unaokua haraka.

Sasa tuangalie kinachotokea ndani ya shimo. Mwamba wa dhahabu wa ukanda huu mara nyingi huwa na pairaiti, madini ya chuma na salfa. Yakiwa chini ya ardhi, mbali na hewa, hayana shida. Yakivunjwa na kukutana na hewa na maji, salfa hugeuka tindikali, na tindikali huyeyusha metali zilizokuwa zimetulia kwenye jiwe. Mchakato huo hauishi pale wafanyakazi wanapopewa mafao. Unaweza kuendelea kwa miongo. Ndiyo maana wahandisi huyapanga mawe taka kwa makini: yenye salfa katikati ya lundo, yasiyo na madhara pande zote, udongo mfinyanzi juu yake, kisha udongo wa juu uliotengwa tangu siku ya kwanza. Huo udongo wa juu nao una masharti. Ukilundikwa mrefu mno au ukakaa miaka mingi, mbegu na viumbe vilivyomo hufa, na siku ya kuutandaza unakuwa vumbi tupu lisiloshika mti. Mgodi usiotunza udongo wake mwaka wa kwanza hauwezi kuununua mwaka wa ishirini.

Shimo lenyewe kwa kawaida halifukiwi. Wananchi wengi huona huo ni ujanja, na inafaa waelezwe sababu. Marekani, Rais Jimmy Carter alisaini Agosti 1977 sheria ya kudhibiti uchimbaji wa makaa ya mawe wa juu ya ardhi, ambayo inamlazimisha mchimbaji kurudisha sura ya ardhi karibu na ilivyokuwa. Bwawa la taka la Buffalo Creek, West Virginia, lilikuwa limepasuka mwaka 1972 na kuua watu 125, na wananchi walikuwa wamechoka na milima iliyochunwa. Lakini makaa hulala kwa tabaka pana. Mchimbaji hufungua mfereji, akihamia wa pili udongo wake anautupa katika ule wa kwanza, na kazi ya kufukia inakwenda bega kwa bega na ya kuchimba. Dhahabu ya Geita haikulala hivyo. Inashuka kwenda chini, shimo linakuwa kama faneli, na mawe yote yamelundikwa pembeni hadi siku ya mwisho. Kuyarudisha ni kuchimba mgodi mara ya pili bila kuuza kitu. Kwa hiyo shimo huzungushiwa tuta na uzio, kisha likaachwa lijae.

Sheria ile ya Marekani ina mambo mawili yanayostahili kuchukuliwa hata hivyo. Dhamana haiachiliwi kwa mkupuo. Sehemu hutolewa baada ya kufukia na kusawazisha, nyingine baada ya mimea kushika, na ya mwisho hubaki mikononi mwa serikali kwa miaka mitano, au kumi katika maeneo makavu, mpaka ithibitike kwamba ardhi na maji vimetulia. Jambo la pili nitalirudia nikifika kwa wachimbaji wadogo. Hapa nyumbani somo la makaa linafika mapema kuliko tunavyodhani: Ngaka, wilayani Mbinga, makaa yamekuwa yakichimbwa kibiashara tangu mwaka 2011, na tangu bei ya dunia ipande mwaka 2022 malori ya makaa yamekuwa jambo la kawaida kwenye barabara ya Mtwara. Huko kufukia huku ukichimba kunawezekana. Hakuna sababu ya kusubiri mwisho.

Kwenye mpango wa ufungaji, basi, shimo la dhahabu huandikwa kuwa litakuwa ziwa dogo. Kuna maswali matatu ya msingi juu ya ziwa hilo: litachukua miaka mingapi kujaa, maji yake yatakuwa na tindikali kiasi gani, na yakijaa yatafurikia wapi. Majibu hutoka kwenye hesabu za kompyuta. Kibali cha maji cha mgodi huo, wakati huo, kinakaribia kufa. Kilitolewa kwa kampuni, kwa shughuli ya uchimbaji, kwa muda. Kampuni ikikabidhi eneo na kuondoka, hakuna tena mwenye kibali wa kuulizwa, ilhali maji ndiyo kwanza yanapanda. Hapo ndipo mafaili mawili yalipaswa kukutana na hayakutani. Naamini Bodi ya Bonde ingepaswa kuwa na saini ya lazima kwenye ufungaji, kwa maana kwamba hakuna dhamana ya mwisho inayoachiliwa mpaka Bodi ithibitishe, kwa vipimo vyake yenyewe vya miaka kadhaa, kwamba maji ya shimoni na ya visima vya jirani yamesimama mahali salama. Kamati inayopitia mpango inaweza kuwa na wataalamu wa maji ndani yake, lakini kushauri ni tofauti na kuwa na uwezo wa kuzuia.

Tuna mifano ya kutosha ya kujifunza, kwa sababu migodi imeanza kufungwa. Golden Pride ya Nzega, mgodi mkubwa wa kwanza wa kizazi kipya, uliofunguliwa na kampuni ya Resolute ya Australia mwishoni mwa miaka ya 1990, ulisimama katika miaka ya 2010, na miundombinu yake ikaingia mikononi mwa Chuo cha Madini. Huo ni mwisho wa heshima: majengo yakawa madarasa. Tulawaka, upande wa Biharamulo, ulifungwa na African Barrick mwaka 2013 na kuuzwa kwa STAMICO, shirika la umma, likaendelea kuchimba. Mauzo ya aina hii yana hatari yake. Anayenunua mgodi uliochoka ananunua na mashimo yake, na akiwa ni shirika la umma, mlipakodi ndiye dhamana. Buzwagi ya Kahama iliacha kuzalisha mwaka 2021, na mpango ukawa kuligeuza eneo lake kuwa ukanda maalumu wa viwanda na biashara. Nalipenda wazo hilo kuliko kupanda miti na kuondoka, kwani Kahama ni mji wa wafanyabiashara na una umeme, barabara na kiwanja cha ndege palepale. Lakini viwanda vinahitaji maji, na jirani yake kuna shimo linalojaa. Mtu fulani atataka kuyatumia. Swali la kama yanafaa lijibiwe kabla hajaja.

Mabwawa ya topesumu, yaani tope lenye kemikali linalobaki baada ya kuchenjua dhahabu kwa sayanaidi, ndiyo yanayotisha zaidi, na hayasubiri kufungwa kwa mgodi. Tarehe 7 Novemba 2022 kingo za bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Williamson, Mwadui, zilipasuka. Almasi haitumii sayanaidi, kwa hiyo halikuwa tope la sumu kwa maana ile, na hakuna aliyekufa. Lakini liliteremka hadi kijiji cha Ng'wanholo, likafunika nyumba, mashamba, malisho na vyanzo vya maji, na mgodi wenyewe ukasimama kwa miezi. Mkulima wa Kishapu anayelima mtama na pamba kwenye mbuga hana shamba la pili la kuhamia. Fidia ya nyumba inahesabika. Rutuba ya mbuga iliyofunikwa na tope la kijivu haihesabiki kwa urahisi. Kule North Mara, mwaka 2009, maji ya mgodi yalivujia Mto Tigithe. Kampuni ilieleza kwamba plastiki iliyotandikwa chini ya bwawa iliibwa. Mwaka 2019 NEMC iliutoza mgodi huohuo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa kuvuja kwa bwawa la topesumu, na baadaye serikali ikazuia bwawa kutumika. Katika matukio hayo karatasi zilikuwepo. Kilichokosekana ni jicho la karibu, la kila siku.

Tukiishia kwa kampuni kubwa tutakuwa tumesema nusu ya jambo. Anayepita barabara ya Geita kwenda Nyarugusu haoni shimo moja kubwa. Anaona maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, mamia kwa mamia, mengine yana matimba na kamba, mengine yameachwa wazi na nyasi zimeota mdomoni. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa Mtanzania, kwa eneo dogo na kwa miaka saba, na mwenye nayo anatakiwa kuwa na mpango wa ulinzi wa mazingira unaosema atafukia. Hatoi dhamana ya fedha kama mgodi mkubwa. Mwenye leseni mara nyingi si mchimbaji. Anakaa mjini, anagawana mifuko ya mawe na wenye maduara, na wenye maduara wanagawana na vijana wanaoshuka. Dhahabu ikiisha, au ikisikika rashi mpya, kijana anahama usiku mmoja. Nani atafukia? Kijana hana leseni, mwenye duara hana mkataba, na mwenye leseni atasema hakuwepo.

Kisha kuna maji ya uchenjuaji. Jiwe linasagwa kwenye karasha na kinu, unga unaoshwa kwenye mbao zilizotandikwa magunia, mchanga mzito unachanganywa na zebaki, na donge linachomwa. Mchanga unaobaki ni marudio, na bado una dhahabu nyingi ambayo zebaki haikuishika. Mwenye matangi ya kulowekea anayanunua kwa lori, anayamwagia sayanaidi, anakamata dhahabu kwa kaboni na kuipeleka kwenye mtambo wa elusheni. Kwa bahati mbaya zebaki iliyobaki kwenye marudio inakutana na sayanaidi, na mchanganyiko huo huyeyuka na kusafiri na maji kirahisi kuliko zebaki peke yake. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, umetaja jambo hilohilo miongoni mwa mambo mabaya zaidi ya kukomeshwa: kuloweka kwa sayanaidi marudio yaliyoguswa na zebaki bila kuiondoa kwanza.

Mwenye matangi hayo akitaka kufuata sheria yote anahitaji leseni ya uchenjuaji kutoka Tume ya Madini, cheti cha mazingira, usajili wa kemikali kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kibali cha kuchimba kisima, kibali cha kutumia maji yake na kibali cha kumwaga maji machafu, mbali na ridhaa ya kijiji juu ya ardhi. Kila karatasi ina ada, safari na afisa wake. Siungi mkono wanaosema masharti hayo yafutwe. Sayanaidi karibu na kisima cha kijiji si jambo la kuonea huruma. Lakini mtu mwenye matangi manne hawezi kutendewa kama GGM. Suluhisho lililo karibu ni maeneo ya pamoja ya kuchenjua, mbali na mito na makazi, yenye kisima kimoja chenye kibali kimoja, sakafu moja iliyotandikwa vizuri na bwawa moja la kukaguliwa. Mkaguzi mmoja anaweza kulifuatilia eneo la namna hiyo. Hakuna idadi ya wakaguzi inayoweza kufuatilia matangi yaliyotawanyika kuanzia Nyarugusu hadi Rwamgasa.

Na fedha ya kufukia maduara itoke wapi? Hapa ndipo linapoingia lile jambo la pili la Marekani. Sheria ya 1977 ilitoza kila tani ya makaa ya juu ya ardhi senti 35 za dola, na fedha hiyo ikaundiwa mfuko wa kurejesha ardhi iliyoachwa zamani na watu wasiojulikana tena. Aliyepo sokoni leo analipia kidogo mashimo ya waliotangulia. Tanzania tayari ina kilichokuwa kigumu zaidi, yaani mahali ambapo kila gramu inapimwa. Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa mwaka 2019, na mabadiliko ya sheria ya 2017 yaliweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 6 pamoja na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Sipendekezi tozo mpya. Mchimbaji akiongezewa mzigo, dhahabu itarudi kwenye mifuko ya walanguzi. Napendekeza kipande cha kile kinachokusanywa sasa kitengwe kwa mfuko wa kufukia mashimo ya wachimbaji wadogo, kibaki mkoani, na vijana walewale walioyachimba walipwe kuyafukia wakati wa kiangazi, kijiji kwa kijiji, kuanzia yaliyo karibu na shule na visima.

Mtu atasema halmashauri zinapata fedha za migodi tayari, kwa mpango wa uwajibikaji wa kampuni kwa jamii. Ni kweli, na madarasa na zahanati zilizojengwa Geita kwa fedha hizo zinaonekana. Lakini hizo si fedha za kurejesha ardhi, na kuzichanganya ni kosa linalotusahaulisha deni. Kampuni ikijenga zahanati haijapunguza hata ndoo moja ya kazi inayodaiwa shimoni.

Neno kufukia, kwa upande wa Kakola, halisikiki kirahisi. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, hukohuko Kakola, na maduara yakafukiwa kupisha mgodi mkubwa. Yalitolewa madai mazito kwamba watu walifukiwa humo, serikali na kampuni zikayakanusha, na kumbukumbu ya siku zile bado ina uchungu. Programu yoyote ya kufukia itakayokuja na greda na polisi bila mikutano ya kijiji itapokelewa kwa kumbukumbu hiyo, na haitafaa kulaumu wananchi.

Vivyo hivyo magwangala. Hayo ni mawe taka ya mgodi mkubwa, lakini kwa mwanamke wa Geita mwenye nyundo ni mawe yenye chembe za dhahabu na ada ya shule ndani yake. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alitaka wananchi wapewe. Madai yao ninayaelewa: mawe yametoka kwenye ardhi yao. Hata hivyo, kama lundo limepangwa ili salfa ibaki katikati, kulifungua ni kufungua mlango wa tindikali kuelekea vijito vya chini. Njia ya haki ingekuwa kuamua mapema, kwa vipimo, ni malundo yapi hayana salfa ya kutisha na yanaweza kutolewa, na yapi yafungwe moja kwa moja, kisha ramani hiyo ibandikwe kwenye ofisi za mitaa. Mgodi una takwimu hizo. Hauwezi kupanga mawe bila kuzijua.

Turudi ziwani. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Mazingira kinazuia shughuli zinazoweza kuharibu uhifadhi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa. Kila mtu mwaloni anazijua hizo mita sitini, kwa kuwa ndizo hutajwa wakati banda la dagaa linapobomolewa. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kumeza nyumba na vibanda pande zote za nchi tatu, na mstari wa mita sitini ukahamia kwa watu ambao hawakuwa wamesogea hata hatua. Mwanamke anayeanika dagaa anaelezwa sheria hiyo kwa sauti kubwa. Ni haki yake aione ikitajwa kwa sauti ileile kwa anayeoshea marudio kando ya mto unaoshuka ziwani.

Nkome ina BMU yake, kikundi kinacholinda rasilimali za uvuvi, chenye daftari, viongozi na mitumbwi inayotoka kila siku. Hakuna chombo kingine cha umma kinachokuwa juu ya maji haya saa nyingi kiasi hicho. Bodi ya Bonde ingeweza kukifunza kuchukua sampuli kwenye midomo ya mito mara moja kila mwezi, chupa zikapelekwa maabara Mwanza, na matokeo yakarudi kubandikwa ubaoni mwaloni, pembeni ya bei ya sangara: kiasi cha maji mgodi ulichoruhusiwa kuvuta, kiasi ulichovuta, na hali ya maji yaliyoingia ziwani. Dhamana ya kila mgodi iliyowekwa serikalini nayo itajwe hapo kwa shilingi, pamoja na jina la ofisi inayoishikilia.